Titanic: Meli Iliyoacha Majina

Kwa hesabu ya roho zilizopotea, Titanic haimo kileleni. Tarehe 30 Januari 1945 nyambizi ya Kisovieti iliizamisha Wilhelm Gustloff katika Bahari ya Baltiki ikiwa imefurika wakimbizi wa Kijerumani, na waliokufa walikuwa maelfu. Desemba 1987 feri ya Doña Paz iligongana na meli ya mafuta huko Ufilipino, ikateketea na watu zaidi ya 4,000. Septemba 2002 Le Joola ilipinduka nje ya pwani ya Gambia, ikitoka Casamance kwenda Dakar, wakafa zaidi ya 1,800. Titanic ilichukua watu wapatao 1,500. Hata hivyo, karibu popote duniani, ukiuliza juu ya meli iliyozama, jibu la kwanza ni ile meli ya Waingereza iliyokwenda chini usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912.

Wanaotafuta sababu hutaja matajiri waliokuwamo, majivuno ya waliosema haizami, na kwamba ilikuwa safari yake ya kwanza. Yote hayo yana uzito. Lakini Empress of Ireland nayo ilikuwa meli kubwa ya abiria. Ilizama katika mto St. Lawrence tarehe 29 Mei 1914 kwa muda wa dakika 14, ikaondoka na watu zaidi ya 1,000, na leo nje ya Kanada wanaoikumbuka ni wachache. Lusitania, iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani mwaka uliofuata, ilimezwa kwa dakika 18. Titanic ilichukua saa 2 na dakika 40. Katika muda huo watu walivaa, walisali, waliagana, waligombana, walikataa mashua, walirudi vyumbani kuchukua walichosahau. Karibu kila mmoja alipata nafasi ya kuamua jambo, na watu kama 700 walibaki hai kusimulia waliyoyaona wenzao wakiamua. Kisha maneno yao yakaandikwa. Naamini hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lenyewe: meli hii ilizama polepole, na ikaacha karatasi.

Ilijengwa Belfast, katika karakana ya Harland and Wolff, kwa ajili ya kampuni ya White Star Line. Mkuku ulilazwa Machi 1909, na bodi likashushwa majini tarehe 31 Mei 1911. Wafanyakazi 8 walikufa katika ujenzi huo, na majina yao hayakupata umaarufu wowote. Urefu wake ulikuwa mita 269, uzito wa usajili tani 46,328. Ndani ilikuwa na bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi na ngazi kubwa ya mbao za mwaloni chini ya kuba la kioo. Tumboni iligawanywa vyumba 16 vilivyotengwa kwa kuta za chuma, ili maji yakiingia kimoja yasiende kingine. Hata vyumba vinne vya mbele vikijaa, ilikuwa na uwezo wa kuendelea kuelea. Kuta hizo, lakini, hazikufika hadi juu. Maji yakishajaza vyumba vya omoni na kuinamisha pua ya meli, yangevuka ukuta mmoja na kumwagikia chumba cha pili, kisha cha tatu, mpaka mwisho.

Habari ya mashua za kuokolea inaumiza zaidi, kwa sababu hakuna aliyevunja sheria. Kanuni za Uingereza za mwaka 1894 zilitaka kila meli iliyozidi tani 10,000 iwe na mashua 16. Zilipotungwa, hakuna aliyewazia meli ya tani elfu arobaini na zaidi. Titanic ilibeba mashua 20, nne zaidi ya zilizodaiwa, zenye nafasi ya watu 1,178. Iliondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, ikapitia Cherbourg huko Ufaransa na Queenstown huko Ireland, na ilipoingia Atlantiki ilikuwa na watu kama 2,200. Kwa hiyo karibu nusu yao hawakuwa na pa kukaa tangu bandarini, na karatasi zote zilikuwa safi.

Katika usiku ule, pahali panaponivuta kuliko pote ni chumba kidogo cha simu ya upepo. Walifanya kazi humo vijana wawili, Jack Phillips wa miaka 25 na Harold Bride wa miaka 22, wote waajiriwa wa kampuni ya Marconi. Ijumaa usiku mtambo wao uliharibika. Maelekezo ya kampuni yaliwataka wasijitie katika matengenezo makubwa ya namna ile, lakini wao walikesha wakichokonoa mpaka alfajiri ya Jumamosi, wakaufufua. Wangeuacha kama ulivyo, Titanic ingezama kimya, na mashua zake zingeelea juu ya maji ya barafu bila mtu yeyote kujua ziko wapi. Lakini kuharibika huko kulileta pia mlundikano wa salamu za abiria ambazo hazijatumwa, na Jumapili nzima Phillips alikuwa akizipiga moja baada ya nyingine kuelekea kituo cha Cape Race huko Newfoundland. Siku hiyo hiyo meli kadhaa zilituma taarifa za barafu. Baadhi zilifika kwa nahodha Edward John Smith. Usiku, meli ya Californian, iliyokuwa imesimama katikati ya barafu si mbali sana, ilimwita Phillips kumwarifu. Ishara zake zilikuwa karibu mno, zikamlipuka masikioni, naye akamjibu mwenzake kwa ukali anyamaze, ana kazi. Mpiga simu wa Californian, Cyril Evans, alisikiliza kidogo, na kama saa 5:30 akazima mtambo akalala.

Saa 5:40 usiku Frederick Fleet, mlinzi juu ya mlingoti, aliona kitu cheusi mbele. Akagonga kengele mara tatu, akapiga simu chini. Bahari ilikuwa shwari kabisa, bila mwezi, na maji yasiyopiga mawimbi chini ya mlima wa barafu hayaonyeshi povu. Meli ilikuwa ikienda kilomita kama 41 kwa saa. Ofisa William Murdoch aliamuru igeuzwe, nayo ikaanza kugeuka, ikaukwangua mlima kwa ubavu wa kulia. Abiria wengi walisikia mtikisiko mdogo tu. Kwenye sitaha ya mbele baadhi ya vijana wa daraja la tatu waliokota mapande ya barafu wakachezea. Thomas Andrews, mhandisi aliyesimamia uchoraji wa meli, alishuka kukagua pamoja na nahodha. Vyumba vilivyopasuka vilikuwa vimezidi vinne. Akamwambia Smith kwamba chombo kitakwenda chini, na kwamba kimebakiwa na saa moja, pengine moja na nusu.

Mashua ya kwanza iliteremshwa kama saa 6:45 usiku ikiwa na watu 28, ingawa ilikuwa na nafasi ya 65. Nyingine yenye nafasi ya 40 iliondoka na watu 12. Wengi hawakuamini. Meli ilikuwa na taa na joto, bendi inapiga muziki, na chini kuna giza na baridi: nani angekubali kutoka humu kuingia kule? Amri ilikuwa wanawake na watoto kwanza, lakini kila ofisa aliielewa kwa namna yake. Upande wa kushoto Charles Lightoller aliichukua kuwa ni wanawake na watoto peke yao, na akateremsha mashua zenye nafasi tupu huku wanaume wamesimama wakitazama. Upande wa kulia Murdoch aliwaruhusu wanaume kupanda pale ambapo hakuna mwanamke karibu. Hivyo maisha ya mwanamume yalitegemea ubavu wa meli aliouendea alipotoka chumbani, na hakuna aliyemwambia kuwa kuna tofauti.

Ida Straus, mke wa Isidor Straus, mmoja wa wamiliki wa duka la Macy's la New York, alikataa kumwacha mumewe. Alivua koti lake la manyoya akampa mtumishi wake wa kike, akamwambia apande, yeye akabaki. Wapiga muziki wanane wa Wallace Hartley walipiga mpaka karibu na mwisho, na hakuna hata mmoja aliyepona. Wahandisi wa mitambo walibaki chini kuhakikisha umeme hauzimiki, taa zikawaka hadi dakika za mwisho, nao wakafa wote. J. Bruce Ismay, mwenyekiti wa White Star, aliingia katika moja ya mashua za mwisho. Aliishi miaka 25 zaidi, na lawama haikumwacha. Nimewahi kusikia watu wakimhukumu Ismay katika mazungumzo ya kahawa kana kwamba kesi yake imesikilizwa jana, na hilo peke yake linaonyesha jinsi saa zile mbili na ushee zilivyomweka kila mtu hadharani.

Abiria wa daraja la tatu walilala chini, wengine omoni na wengine tezini. Sheria za uhamiaji za Marekani zilitaka watengwe na abiria wengine, kwa hiyo njia ya kufikia sitaha ya mashua ilikuwa ndefu, yenye vizuizi na wasiyoizoea. Wengi hawakujua Kiingereza: walikuwamo Wasweden, Wafini, Waarabu wa Sham, Wabulgaria. Ripoti ya jaji Mersey wa Uingereza iliweka tarakimu hizi: daraja la kwanza walikuwa 325, wakaokoka 203, la pili 285, wakaokoka 118, la tatu 706, wakaokoka 178. Watoto wa madaraja mawili ya juu walipona wote isipokuwa mmoja. Watoto wa daraja la tatu walikuwa 79, wakafa 52. Ripoti hiyo hiyo ilisema hawakubaguliwa. Mbele ya Mersey hakuitwa shahidi hata mmoja miongoni mwa abiria wa daraja la tatu. Sijui namna ya kuisoma sentensi ile ya kwamba hapakuwa na ubaguzi bila ya hasira.

Yumo pia Joseph Laroche, ambaye filamu zilimpita kwa muda mrefu. Alizaliwa Cap-Haïtien huko Haiti mwaka 1886, akaenda Ufaransa kusoma uhandisi, akamwoa Juliette, Mfaransa. Shahada alikuwa nayo, lakini waajiri wa Ufaransa walimtazama rangi kwanza. Akaamua kurudi kwao na familia. Walikuwa wamekata tiketi ya meli nyingine, lakini kanuni zake ziliwatenga watoto na wazazi wakati wa kula, nao hawakutaka kutengwa na binti zao wawili wadogo. Wakabadilisha, wakapanda Titanic hapo Cherbourg, daraja la pili. Usiku ule alimpandisha mkewe mjamzito na mabinti katika mashua. Yeye hakuonekana tena. Desemba mwaka huo Juliette alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Joseph.

Saa 8:20 usiku meli ilitoweka. Maji yalikuwa na baridi ya nyuzi 2 chini ya sifuri, na waliovaa makoti ya kuokolea walikufa wakielea. Wengi hawakuzama, walikufa kwa baridi, wengine katika dakika chache. Waliokuwa katika mashua walisikia vilio vyao, kisha vikapungua. Mashua nyingi zilikuwa na nafasi. Ofisa Harold Lowe alihamisha abiria wake katika mashua nyingine akarudi kutafuta walio hai, lakini alikuwa amesubiri, na aliowakuta ni wachache sana. Manusura wengi waliposimulia miaka ya baadaye, hapo ndipo sauti zao zilipokwama.

Meli ya Carpathia ilikuja kuokoa kwa sababu mpiga simu wake, Harold Cottam, alikuwa bado hajalala na akasikia mwito wa Titanic. Nahodha Arthur Rostron alifunga joto la vyumba vya abiria ili mvuke wote uende kwenye mitambo, akapita katikati ya milima ya barafu gizani, na kama saa 10 alfajiri akaanza kuwapokea watu. Californian ilikuwa karibu zaidi. Maofisa wake waliona fataki angani, wakamweleza nahodha Stanley Lord, na hakuna aliyekwenda kumwamsha Evans mpaka alfajiri. Ubishi juu ya Lord umejaza vitabu vizima, nami siuendelezi.

Nataka kukaa zaidi Halifax, kwa sababu kuna jambo pale ambalo halina filamu. Tarehe 17 Aprili meli ya Mackay-Bennett, ambayo kazi yake ya siku zote ni kutandaza na kutengeneza nyaya za simu chini ya bahari, iliondoka bandari hiyo ya Kanada ikiwa imebeba majeneza, tani za barafu, mtaalamu wa kuhifadhi maiti na kasisi. White Star iliikodi kwenda kuokota wafu. Iliwakuta wametapakaa juu ya maji, wamevaa makoti yao meupe. Ilipata miili 306, na meli nyingine tatu zilizoifuata zikapata 22.

Msajili wa vifo wa Nova Scotia, John Henry Barnstead, aliweka utaratibu ulio rahisi na wa heshima kubwa. Kila mwili ulipoinuliwa ulipewa nambari kwa mfuatano. Nambari hiyo hiyo iliandikwa kwenye mfuko wa turubai uliotiwa kila kilichokuwa mfukoni au mwilini mwa marehemu: saa, barua, funguo, picha, pete, tiketi. Kisha daftarini ikaandikwa jinsia, umri wa kukadiria, rangi ya nywele, nguo, chale, kovu. Mwili nambari 124 ulikuwa na herufi J.J.A. kwenye ukosi wa shati, nao ukawa wa John Jacob Astor, tajiri kuliko abiria wote. Miaka mitano baadaye, meli ya baruti ilipolipuka bandarini hapo hapo na kuangamiza sehemu kubwa ya mji, Halifax ilitumia utaratibu huo huo kwa wafu wake yenyewe.

Heshima hiyo nayo ilikuwa na madaraja. Barafu na majeneza havikutosha, na Mackay-Bennett ilirudisha baharini miili 116, mingi ikiwa ya mabaharia na abiria wa daraja la tatu. Nahodha wa Mackay-Bennett alieleza kwamba watu mashuhuri walihifadhiwa kwa sababu ya mambo ya bima na mirathi. Miili 209 ilifikishwa mjini na kulazwa katika jengo la mchezo wa barafuni. Ndugu walikuja kuchukua 59. Iliyobaki 150 ilizikwa katika makaburi matatu, kwa kufuata dini ilipojulikana. Katika Fairview Lawn wako 121, na mawe mengi yana nambari ya Barnstead. Lipo linaloandikwa J. Dawson, nambari 227. Baada ya filamu ya 1997 wasichana walikuja kulilundikia maua wakidhani ni Jack wa kwenye hadithi. Aliyelala pale ni Joseph, kijana aliyesomba makaa ya mawe tumboni mwa meli. Sioni ubaya wa maua yale. Yamemfikia mtu ambaye asingeletewa na yeyote.

Mwili nambari 4 ulikuwa wa mtoto wa kiume, mweupe wa nywele, wa kama miaka miwili kwa kukisia. Hakuna aliyekuja kumdai. Mabaharia wa Mackay-Bennett walilipia mazishi na jiwe lake kwa fedha zao, wakambeba wenyewe. Nguo za wafu ziliamriwa zichomwe ili wasaka kumbukumbu wasiziuze, na askari polisi Clarence Northover alikuwa miongoni mwa waliozilinda. Alipofikia viatu vya mtoto huyo alishindwa kuvitia motoni. Akaviweka katika droo ya meza yake kazini. Vilibaki kwa ukoo wake mpaka mwaka 2002, mjukuu wake alipovitoa kwa jumba la makumbusho la bahari la Halifax. Wakati huo huo wataalamu walipima vinasaba vya mabaki machache yaliyosalia kaburini, wakatangaza kuwa ni Eino Panula, mtoto wa Kifini wa miezi 13. Viatu vikakataa: vilikuwa vikubwa kwa mtoto wa umri ule. Wakarudia vipimo kwa njia bora zaidi, na mwaka 2007 wakapata jibu. Ni Sidney Goodwin, wa miezi 19, Mwingereza. Baba yake alikuwa akienda na mke na watoto sita kuanza maisha Niagara Falls. Mgomo wa wachimba makaa ulivuruga safari ya meli waliyoikatia tiketi, wakahamishiwa Titanic, daraja la tatu. Walikufa wote wanane, na wa pekee aliyetambuliwa ni huyo mdogo kuliko wote.

Sisi tuliozoea Ziwa Victoria tunajua thamani ya daftari kama la Barnstead. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na idadi kamili ya waliokuwamo inabishaniwa mpaka leo, kwa sababu mtu ambaye hakuandikwa wakati wa kupanda hawezi kuhesabiwa wakati wa kuzama.

Uchunguzi wa Titanic ulianza kabla manusura hawajapumzika. Carpathia ilitia nanga New York usiku wa tarehe 18 Aprili, na kesho yake seneta William Alden Smith alikuwa akiwahoji mashahidi hotelini. Wa London ulianza Mei. Humo ndimo zilimotoka kurasa ambazo wapenzi wa habari hii bado wanazisoma mstari kwa mstari. Januari 1914 mataifa yalitia saini London mkataba wa usalama wa maisha baharini: mashua kwa kila mtu, wapiga simu zamu usiku na mchana, na doria ya kuangalia barafu Atlantiki ya Kaskazini. Mkataba huo, ukirekebishwa mara kwa mara, ndio unaozibana meli za safari za kimataifa hadi leo.

Filamu haikusubiri hata hitimisho la uchunguzi. Mwigizaji Dorothy Gibson alitoka salama katika mashua ya kwanza, na tarehe 14 Mei 1912, mwezi haujatimia tangu apate mkasa, alionekana kwenye filamu akiigiza yaliyompata, amevaa nguo zile zile za usiku ule. Nakala zake zimepotea zote. Mwaka 1943 serikali ya Hitler ilitoa Titanic yake, ya kuwasuta Waingereza kwa tamaa ya fedha. Sehemu yake ilipigwa ndani ya meli ya abiria ya Cap Arcona. Mei 1945, siku chache kabla ya vita kwisha Ulaya, Cap Arcona ilikuwa imepakiwa maelfu ya wafungwa wa kambi za mateso ilipolipuliwa na ndege za Uingereza katika ghuba ya Lübeck. Wengi waliangamia ndani ya meli iliyotumiwa kuigiza ajali, na ni mara chache utasikia wakitajwa isipokuwa mtu anapozungumzia Titanic.

Mwaka 1955 Walter Lord, Mmarekani aliyesafiri na Olympic, dada wa Titanic, akiwa mtoto, alichapisha kitabu kilichotokana na kuwatafuta manusura zaidi ya 60 na kuwauliza walichokiona. Kilitoka wakati bado wapo, na bila yeye sauti nyingi zingezikwa na wenyewe. Halafu ikaja filamu ya James Cameron ya 1997, iliyofika hadi mabanda ya video ya mitaa yetu, ambako wasiojua Kiingereza waliifuata kwa sauti ya msimulizi.

Kati ya kitabu na filamu hiyo, meli yenyewe ilipatikana. Robert Ballard wa Marekani, akishirikiana na kundi la Wafaransa la Jean-Louis Michel, alikuwa amepewa fedha na jeshi la wanamaji kwa kazi ya siri: kukagua mabaki ya nyambizi mbili za nyuklia, Thresher na Scorpion. Katika kazi hiyo aligundua kwamba chombo kinapozama kwenye kina kirefu, vitu vyake hutawanyika na kuacha mkondo mrefu sakafuni. Akaacha kulitafuta bodi la Titanic, akatafuta mkondo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1985, kwenye kina cha mita 3,800, kamera ilipita juu ya boila. Waliishangilia, kisha wakatazama saa, wakaona inakaribia muda ule ule meli ilipozama, wakatoka nje sitahani wakanyamaza.

Omo na tezi zilikuwa zimelala mbali mbali, mita kama 600 kati yao. Meli ilikatika. Jambo hili ni zito kwa wanaojali ushahidi. Mwaka 1912 baadhi ya manusura walisema waliiona ikikatika vipande viwili. Jack Thayer, aliyekuwa na miaka 17, alisema hivyo. Eva Hart, aliyekuwa na miaka 7, alisema hivyo maisha yake yote. Ofisa Lightoller alisema ilizama nzima, na ripoti ya Mersey ikamfuata ofisa. Thayer alifariki 1945 bila ya kusikia akiaminiwa. Eva Hart aliishi kuona picha, na aliendelea kupinga kwa nguvu vitu visiokotwe kule chini, kwani baba yake alifia pale. Tangu 1987 vimepandishwa zaidi ya 5,000, vikaonyeshwa kwa kiingilio. Mimi niko upande wa Eva Hart. Viatu vimelala sakafuni viwili viwili, mahali ambapo zamani palikuwa na mtu.

Chuma nacho kinaliwa. Bakteria mmoja aliyegunduliwa katika kutu yake alipewa mwaka 2010 jina la Halomonas titanicae, na safari ya mwaka 2024 ilikuta kipande kirefu cha reli ya omoni, ile ambayo filamu iliifanya ijulikane kila mahali, kimeanguka. Manusura wa mwisho, Millvina Dean, aliyepanda akiwa na wiki chache, alifariki tarehe 31 Mei 2009.

Tarehe 18 Juni 2023 chombo kidogo cha Titan kilizama na watu watano waliokuwa wakienda kuitazama meli hiyo, baadhi yao wakiwa wamelipa fedha nyingi. Kikapondwa na uzito wa maji. Kwa siku nne ndege na meli za mataifa kadhaa zilikitafuta, na majina ya wote watano, umri wao na kazi zao vilijulikana duniani kote kabla mabaki hayajaonekana. Siku nne kabla yake, karibu na Pylos huko Ugiriki, mashua ya uvuvi iliyotoka Libya na wahamiaji wanaokisiwa kufika 750, wengi kutoka Pakistan, Misri na Syria, ilipinduka. Waliokolewa 104. Miili iliyopatikana ni 82. Orodha ya abiria haikuwapo, na ndugu walifika Kalamata wakiwa na picha kwenye simu, wakiwaonyesha manusura nyuma ya uzio, wakiuliza kama kuna aliyemwona. Wanawake na watoto walikuwa wamewekwa chini, ngamani. Hakupona hata mwanamke mmoja.